Gemu Chini ya Mtandio

Ilianza Alhamisi, saa kumi na moja na robo jioni, mwezi wa Januari mwaka 2004, sebuleni kwetu Lewisham, London, ghorofa ya nne. Wanawake kama kumi walikuwa wamekaa chini, wameegemea ukuta. Yasini ilikuwa imeshasomwa, dua imeshaombwa, na mimi nilikuwa nazungusha kahawa. Mama alikuwa juu ya godoro lake la eda, kichwa amekiinamisha, mtandio mweupe umemfunika mpaka magotini. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mwacheni alie," akasema mmoja wao. "Kulia dawa."

"Miezi mitatu, masikini, bado mbichi."

Mimi peke yangu nilijua kwamba halii. Pale niliposimama na sinia niliweza kumwona kwa chini kidogo, na kidevu chake kilikuwa kinawaka. Mamaangu alikuwa anacheza gemu.

Nieleze kwanza habari ya gemu, maana bila hiyo mtu atadhani mamaangu ni mwehu au hana dini.

Mimi si mchezaji hodari. Skuli kwetu wapo wanaojua kila siri na kila njia ya mkato, wanabishana juu ya gemu kama wazee wanavyobishana juu ya siasa. Mimi hucheza kama mtu anavyokula njugu, mkono unakwenda tu. Lakini nilikuja London nina miaka tisa, sijui Kiingereza, na gemu ilikuwa kitu cha kwanza katika nchi hii ambacho hakikuniambia nirudie nilichosema. Sasa Kiingereza ninacho, na bado siwezi kumwuliza dereva wa basi kitu. Ndivyo nilivyo.

Mashine kubwa, ya kuchomeka kwenye tivii, baba aliinunua ya mtumba soko la Woolwich, ina pedi moja nzima na nyingine imetafunwa na mbwa wa watu. Ilikuja na gemu ya mbio za magari ambayo sikuwahi kushinda hata siku moja. Nilikuwa nageuza gari na kuendesha kinyume, polepole, naangalia milima na mvua, mpaka maandishi mekundu yanaanza kunipigia kelele kwamba nimekosea njia. Nilijua nimekosea. Nilitaka kuona tu. Kulikuwa na nyingine ya kupigana, na siri yangu kwenye hiyo ilikuwa kubonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Mara nyingine nilishinda, na nikishinda niliona haya, kama nimemwumiza mtu kwa bahati mbaya.

Ya mkononi ndiyo niliyoipenda. Nilipewa siku nilipofaulu mtihani wa kuingia darasa la juu la hesabu, ndogo, ya zambarau, inakula betri mbili. Ndani yake nilikuwa na gemu ya shamba. Unaamka alfajiri, unamwagilia mboga, unalisha kuku, unakwenda kijijini, na kila mtu wa kijijini ana maneno mawili matatu tu ya kukwambia. Ukinyamaza hakuna anayekuuliza una nini. Mvua ikinyesha huna haja ya kumwagilia, unaweza kurudi kulala. Mimi ningeweza kuhamia mle ndani. Siku aliyofariki baba, kule shambani ng'ombe wangu alikuwa mgonjwa siku ya pili. Sijaifungua tena gemu ile. Sitaki kujua.

Na ya mwisho ilikuwa ya matofali yanayoanguka, ambayo kila mtu duniani ameiona. Yanashuka ya maumbo mbalimbali, unayazungusha, unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Niliidharau. Niliona ni gemu ya watu wasio na mawazo.

Baba alifariki Oktoba, wiki moja kabla ya Ramadhani. Alianguka ghalani alikokuwa akifanya kazi, amesimama kwenye foleni ya mashine ya chai. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuja siku ileile kutoka Stratford, akaifunika tivii kwa kanga na kukigeuza kioo cha sebuleni kielekee ukutani.

"Hii nyumba ya msiba," alisema. "Sitaki kusikia tivii wala mtu anacheka."

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, bila wanja, bila manukato, bila kutoka ila kwa dharura. Unguja, nasikia, mwanamke wa eda hupata nyumba nzima ya watu wa kukaa naye, mpaka huchoka nao. Lewisham alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa skuli mpaka saa tisa na nusu. Alhamisi ndio watu walikuja, na Shangazi ndiye aliyewaleta.

Siku nyingine mama alilala ameelekea ukutani. Nikirudi tulikuwa na mazungumzo yetu, yaleyale.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umesali?"

"Bado."

Basi. Hapo ndio tumemaliza mpaka kesho. Mamaangu huyu, ambaye zamani alikuwa akigombana na redio! Nilimpashia moto chakula, nikakikuta palepale, nikakitupa, nikapasha kingine. Nilianza kuogopa kwamba nimefiwa na wote wawili, ila mmoja hajazikwa.

Mimi nikawa nacheza chooni. Kwetu choo na bafu ni chumba kimoja, na ukiwasha taa feni inaunguruma, kwa hiyo hakuna anayesikia vitufe. Nilikaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea na koti langu, maana pale hapana hita, nikapanga matofali yale niliyoyadharau. Ndiyo gemu pekee niliyoiweza wakati ule. Haina hadithi, haina mtu wa kufa.

Desemba, siku moja, mlango ukagongwa.

"Unafanya nini humo saa nzima? Unaumwa?"

Nikafungua. Sikuwahi kuificha nyuma ya mgongo, nikabaki nimeishika hivi. Nikangoja anigombeze. Mama akaangalia kidude, akaniangalia mimi, akaangalia kidude.

"Inachezwaje?"

Nikamwonyesha tumesimama mlangoni, feni inaunguruma. Mara ya kwanza alikufa kabla sijamaliza kueleza. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akanyamaza, akakunja midomo kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, na mistari ikaanza kufutika mmoja baada ya mwingine.

"Kumbe ni kufunga begi!" akasema.

Na kweli. Mamaangu ndiye mfungaji mabegi wa jamaa zetu wote wa London, kusini mwa mto. Mtu akisafiri kwenda Unguja humwita yeye, na yeye hutia kilo thelathini na mbili mahali ambapo wewe umeshindwa kutia ishirini. Soksi ndani ya viatu, viatu ndani ya sufuria, sufuria ndani ya blanketi. Hakuna nafasi inayolala bure. Baada ya wiki mbili alikuwa amenipita mbali, na mimi nimecheza miaka.

Tukawa na utaratibu. Nikirudi skuli nilimkuta ameshakaa, ameegemea mto, taa ndogo yenye shingo ya waya imechomekwa kwenye kidude. Betri tulizitoa kwenye rimoti ya tivii, maana tivii ilikuwa imefunikwa, rimoti ya nini? Mmoja anacheza mpaka afe, kisha anampa mwenzake.

Na akicheza alizungumza. Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Macho yakiwa yameshughulishwa na matofali, mdomo wake ulifunguka wenyewe. Alizungumza kwa vipande, vingine virefu vingine vifupi, bila kuniangalia, na mimi ambaye siwezi kutazamwa usoni nilijibu bila kumwangalia.

"Babaako alikuwa akikoroma kama boti. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala jikoni... ebu toka wewe, nani kakwita? Hili refu silitaki sasa, ndo linakuja."

"Lisimamishe pembeni, Mama."

"Nifunze, bibi. Alikuwa anaficha maandazi, unajua? Ndani ya boksi la vifaa, pamoja na bisibisi. Daktari kamkataza sukari, yeye anakula maandazi yana harufu ya grisi. Nilimkuta. Nilimgombeza siku ile, nikamwambia, utakufa uniache." Matofali yakashuka matatu, akayapanga matatu. "Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu huu."

Nikasema, "Zamu yangu bado?"

"Bado. Sijafa."

Akaanza kula pia. Nilikuwa nahesabu vijiko bila yeye kujua.

Sasa turudi kwenye Alhamisi ile.

Niliporudi skuli alikuwa amefika mahali ambapo hatujawahi kufika, matofali yanashuka kama mvua ya mawe, na yeye hata salamu yangu hakuitika. Wageni wakawahi kuja. Lifti ilikuwa inafanya kazi siku hiyo, jambo ambalo si la kawaida. Akaisimamisha gemu kwa kidole, akaificha mapajani, akajifunika mtandio. Wakati wa Yasini alisoma na wenzake, kitabu mkononi. Nataka niseme hilo wazi, hakucheza Qur'ani ikisomwa. Ilikuwa baadaye, kahawa ilipoanza kuzunguka na wakaanza kumsifu baba.

"Marehemu alikuwa malaika."

"Hajapata kuinua sauti yule."

"Na dunia hakuitaka. Tumbo lake dogo! Kipande cha mkate kilimtosha."

Nadhani ni hapo alipoianza tena. Walikuwa wanamfuta baba wa maandazi na bisibisi mbele yake na kumweka mwingine. Kichwa chake kikainama, na mabega yakaanza.

Ningeweza kufanya kitu. Ningeweza kumwaga kahawa, kukohoa, kuanguka. Nilisimama na sinia kama picha. Shangazi akajivuta kwa magoti juu ya zulia, akamkumbatia kwa nguvu, "Wifi yangu, lia mwanamke mwenzangu, lia," na kidude kikateleza chini ya mtandio, kikaangukia zuliani uso juu. Sauti ilikuwa imezimwa. Taa yake ndogo iliwaka, na matofali yakaendelea kushuka yenyewe, moja juu ya jingine katikati, mpaka yakajaa hadi juu na skrini ikaganda.

"Nini hiki?" Shangazi akauliza.

Mama akajifuta uso, ulikuwa mkavu.

"Cha mtoto," akasema. "Nimemnyang'anya sasa hivi. Anacheza watu wanasoma."

Nyuso zote zikageuka.

"Ee! Msichana mkubwa huyu? Kifua kimeshajaa!"

"Babaake hata udongo haujakauka."

"Watoto wa Ulaya hawa, wana moyo wa plastiki. Ukiubonyeza unatoa muziki."

Wawili watatu wakacheka, kisha wakakumbuka wako wapi.

"Njoo hapa," Shangazi akaniambia. Nikaenda na sinia langu. "Ni kweli anavyosema mamaako?"

Nikamwangalia mama. Alikuwa anaangalia zulia.

"Kweli, Shangazi."

"Hebu nitazame. Kwa sauti."

"Ni kweli. Ni yangu. Samahani."

Akaitia ndani ya mkoba wake na kuufunga zipu. Nikaendelea kuzungusha kahawa. Mmoja alikataa kupokea kikombe kutoka kwangu.

Walipoondoka nikaosha vikombe vyote na kuvipangusa. Mama alikuwa ameshalala, ameelekea ukutani.

"Mama."

"Nini?"

"Kwa nini ulisema hivyo?"

Akajivutia mtandio mpaka sikioni.

"Ulitaka niseme nini?" akasema.

Nikaandika kwenye daftari langu kwamba namchukia, kwa herufi kubwa. Nikazikata. Sikumchukia. Nilichukia kwamba mtu wa ukutani amerudi na kwamba nimemwona akirudi, hatua kwa hatua, nikiwa nimeshika kitambaa cha vyombo. Kosa nililobebeshwa ningelibeba mwaka mzima, wallahi, kama ningejua kesho nikirudi nitamkuta amekaa.

Asubuhi, Ijumaa, nikavaa yunifomu na kutoka saa moja na nusu kama kawaida. Sikwenda kituo cha basi. Nikapanda treni ndogo isiyo na dereva, nikabadilisha njiani, mpaka Stratford. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja, midomo inacheza, na mwanamume aliyekaa mbele yangu akahama kiti.

Shangazi alifungua mlango ameshavaa sare ya duka, kikombe cha chai mkononi.

"Huna skuli leo?"

"Ninayo."

"Basi?"

Sentensi yangu ikapotea yote. "Nimekuja kuchukua gemu," nikasema.

"Huna haya wewe!"

"Si yangu. Yaani ni yangu, lakini anayecheza si mimi."

Akaniangalia. Akarudi nyuma, nikaingia, akafunga mlango.

"Najua si wewe," akasema. "Nilimshika mikono, vidole gumba tu ndivyo vilivyokuwa vinatikisika, vinabonyeza. Unadhani mimi mjinga? Ningesema nini mbele ya wale? Mjane anacheza gemu juu ya godoro la eda. Kabla ya Ijumaa kuisha wangejua mpaka Birmingham. Alikutaja wewe, nikasema heri. Mtoto akikosa husamehewa."

"Basi nipe nimpelekee."

"Simpi. Yule aliyekufa ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni kabla mamaako hajajua kama yupo duniani. Sasa niende pale nimkute mkewe anacheza? Anapaswa kulia."

"Ameshalia, Shangazi. Sasa anataka kuzungumza, na bila ile hazungumzi. Akiicheza anamsema baba."

"Anamsema nini?"

"Kwamba alikuwa anakoroma. Kwamba alificha maandazi kwenye boksi la bisibisi."

Shangazi akaweka kikombe juu ya meza. "Alikuwa anaficha tangu mtoto," akasema. "Kwenye mtungi. Tulikuta siafu." Uso wake ukaanza kwenda pale unapokwenda uso wa mtu anayetaka kucheka, haukufika, akanigeuzia mgongo. Nilisimama nyuma yake nikiangalia lebo ya sare yake imetoka nje ya kola. Sikujua kama niirudishe ndani au niiache. Nikaiacha.

"Eda ikiisha atapewa," akasema bila kugeuka. "Zimebaki wiki tano. Nitakuja mimi, leo baada ya kazi, nikae naye. Mwambie. Nitakuja peke yangu, bila watu. Nenda sasa."

Kidude kilikuwa juu ya kabati la vyombo, ninakiona. Mkono wangu ungefika. Nikaaga na kuondoka.

Skuli ilikuwa imeshaanza. Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa kama nilivyomwacha, na chai niliyomwekea imeganda utando juu. Nikavuta kiti mpaka kwenye godoro, nikakaa naye tunaangalia ukuta mmoja, nikamweleza nilikokwenda na kila neno lililosemwa, hata la siafu. Sijapata kuzungumza kwa muda mrefu hivyo bila kukatizwa. Hakugeuka. Nilipomaliza nilidhani amelala.

"Ameiweka wapi?" akauliza.

"Juu ya kabati la vyombo."

"Betri ametoa?"

"Sijui. Nadhani hakutoa."

"Zitavuja," akasema.

Nikaimwaga ile chai, nikamtengenezea nyingine, nikaiweka karibu na mkono wake, nikavaa viatu na kwenda skuli.